Mtoto wa Miaka 1 hadi 3 Nyumbani: Kazi za Nyumbani, Kapu, Mada ya Wiki au Ratiba?

Mtoto akishaanza kutembea, kila mtu ana swali: "Umeshampeleka shule?" Kundi la WhatsApp la akina mama linajaa picha za ratiba zilizochorwa kwa rangi, jirani anaeleza herufi ambazo mwanawe wa miaka miwili ameshazikariri, na wewe uliyebaki na mtoto anayefungua kabati na kumwaga unga unajiona umechelewa. Hujachelewa. Kenya, darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) humpokea mtoto akiwa na miaka 4, na Tanzania nako elimu ya awali haikuwekwa kwa ajili ya mtoto wa miaka miwili. Umri huu ni wa nyumbani. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania Desemba 2021, inauweka ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio (mlezi kumsoma mtoto na kumjibu) pamoja na afya, lishe, ulinzi na usalama. Kucheza na mtoto ni sehemu ya kumlea, kama ilivyo kumpeleka kliniki.

Linalobaki ni namna ya kupanga. Wazazi wengi huchagua mpango kwa kuvutiwa na jinsi ulivyoandikwa. Mimi naamini la kuuliza kwanza ni hili: nani anashinda na mtoto mchana, na mtu huyo ana nafasi ya kumkalia kwa muda gani? Mpango mzuri wa mama anayeshinda nyumbani unaweza kumshinda kabisa dada wa kazi mwenye nguo za kufua na chakula cha mchana cha kuivisha.

Nimelinganisha mipango minne inayotumika sana, yote kwa vigezo vilevile.

Vigezo

Cha kwanza ni maandalizi: pesa na muda unaotumika kabla mtoto hajaanza kucheza. Cha pili ni mazungumzo, na hiki nakipa uzito kuliko vyote. Karibu na mwaka mmoja mtoto ana neno moja au mawili. Akifika miaka miwili anaunganisha maneno, "mama njoo", "maji kwisha". Akifika mitatu anakusimulia. Anafika huko kwa kupokezana na mtu: anaonyesha kidole, unamjibu, anajibu tena kwa sauti yake. Cha tatu ni mwendeshaji, yaani kama mpango unaweza kwenda bila wewe kuwepo. Cha nne ni usalama na nafasi, maana wengi wetu tunaishi chumba na sebule na uani ni wa wapangaji wote. Cha mwisho ni siku ngumu: mvua za masika, umeme umekatika, mtoto ana homa, wageni wamefika bila taarifa.

Mpango wa kwanza: kujifunza ndani ya kazi za nyumbani

Hapa hakuna somo lililotengwa. Unachopanga ni kazi mbili tatu za siku ambazo mtoto atashika sehemu yake. Wewe unachambua mchicha, yeye anatia majani kwenye beseni. Nguo zinaanuliwa, yeye anakusanya vibanio kwenye kopo. Mtoto wa mwaka na nusu anaweza kumpelekea baba kijiko, kufuta meza kwa kitambaa kibichi, kusugua viazi ndani ya maji kidogo. Wa miaka miwili na nusu atatenganisha soksi zake na za baba, atapanga sufuria kutoka ndogo hadi kubwa, atahesabu nyanya pamoja nawe mpaka tatu, atamwagilia mche wa mpapai. Maria Montessori, mwalimu wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma Januari 1907, alizipa shughuli za namna hii, kumimina, kufagia, kufunga vifungo, nafasi kubwa katika mafunzo ya watoto wadogo. Bibi aliyemkatia mjukuu ufagio mdogo wa chelewa alikuwa anafundisha jambo hilohilo.

Maandalizi. Pesa hazihitajiki. Muda unahitajika, na mara nyingi hausemwi: kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu saa, na maji yatamwagika. Mzazi anayewahi daladala alfajiri asijaribu jambo hili asubuhi. Atamfokea mtoto bure. Aliweke jioni, au Jumamosi.

Mazungumzo. Hapa mpango huu una nguvu sana. Kila kilicho jikoni kina jina, rangi, harufu na kitendo chake. "Nyanya hii imeiva, ile bado. Nipe iliyoiva." Mtoto anasikia neno huku ameshika kitu chenyewe, na jibu lake lina kazi ya kweli, kwa sababu unaihitaji nyanya hiyo. Lakini maneno hayaji yenyewe. Mtu anayepika huku simu iko sikioni amekaa na mtoto bila kumsemesha, na kwa siku hiyo mtoto amepata joto la jiko tu.

Mwendeshaji. Bibi anauweza kuliko sisi sote. Dada wa kazi pia anauweza bila karatasi yoyote, ila kuna jambo lazima tulikubali waajiri: kama dada anapimwa kwa usafi wa nyumba, na akigombezwa vyombo visipokuwa vimeoshwa kufikia saa sita, atamweka mtoto mbele ya televisheni ili amalize. Ukitaka amfundishe mtoto ndani ya kazi, mpunguzie kazi moja na umwambie waziwazi kwamba muda huo ni wa mtoto.

Usalama na nafasi. Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Jiko la mkaa, gesi, kisu, meno ya mbuzi ya kukunia nazi, vyote viko palepale anapojifunzia. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache, kwa hiyo ndoo ikimaliza kazi imwagwe na beseni ligeuzwe. Mafuta ya taa na dawa za kusafishia zisiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Kuchambua maharage au choroko kunaonekana kumfaa mtoto, lakini punje huingia puani na kwenye njia ya hewa. Mpe majani, viazi, vitunguu vizima. Nafasi si tatizo, kazi zinafanyika hata kwenye baraza.

Siku ngumu. Kazi za nyumbani hazikatizwi na mvua wala umeme. Zinasimama mtoto anapougua, na hapo apumzike.

Unamfaa nani. Mzazi au bibi anayeshinda nyumbani. Familia isiyo na pesa ya vifaa. Mtoto ambaye hatulii na vitu vya kuchezea na anataka kushika unachoshika wewe.

Mpango wa pili: kapu la kuzungusha

Unachukua vitu vya kawaida vya nyumbani, unavigawa katika makapu mawili au matatu, na kila siku chache unatoa moja na kuficha jingine. Mwalimu wa Uingereza Elinor Goldschmied ndiye aliyejulikana kwa kapu la namna hii: kwa kitoto kinachokaa bila kutembea, alijaza vitu halisi badala ya vya plastiki vya dukani; kwa mtoto wa mwaka wa pili, alitoa vitu vingi vya aina moja na vyombo vya kuvitia na kuvitoa. Mwongozo wa WHO na UNICEF wa kumsaidia mtoto kukua nao unasema karibu hivyohivyo kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili: mpe vitu vya kupanga, vya kuweka ndani ya chombo na kuvitoa tena.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kapu langu lingekuwa na vikombe vya plastiki vinavyoingiana, mwiko, kifuu cha nazi kilichosuguliwa mpaka kikawa laini, kipande cha kanga, brashi safi ya nguo, na kopo tupu lisilo na makali. Kwa wa miaka miwili ningeongeza kopo lenye mfuniko uliotobolewa tundu la kupitisha vipande vikubwa vya kitambaa, chupa iliyozibwa kabisa yenye mchele ndani kwa ajili ya mlio, na mabaki ya vitambaa vya rangi mbili avitenganishe. Kwa anayekaribia mitatu, sufuria ndogo na kitambaa vinamtosha kufungua mgahawa mzima. Ataanza kukuuzia chai, na hapo ujue mawazo yake yameanza kutengeneza hadithi.

Maandalizi. Jioni moja ya kukusanya na kuosha, kisha muda mfupi kila wiki wa kubadilisha. Kuficha ndiko kunakofanya kazi: kopo alilolichoka Jumatatu likirudi baada ya wiki mbili analipokea kama jipya.

Mazungumzo. Machache kuliko kwenye kazi za nyumbani. Mtoto aliyezama kwenye kapu hukaa kimya, na ukimya huo una thamani. Usimkatishe kwa kumuuliza rangi kila dakika. Subiri akuangalie au akuonyeshe kitu, ndipo useme. Hatari ni mtu mzima kuondoka kabisa kwa kuwa mtoto hamsumbui. Kapu peke yake kutwa nzima halimtoshi.

Mwendeshaji. Yeyote. Dada mpya aliyefika jana anaweza kuambiwa, "Baada ya uji mpe kapu hili, ukae karibu naye," na akaelewa.

Usalama na nafasi. Mkeka mmoja unatosha. Kanuni yangu ya vitu ni moja: kinachopita kwenye bomba la karatasi lililo katikati ya karatasi ya chooni hakiingii kapuni. Vifuniko vya soda, sarafu, shanga, punje za mahindi, na hasa betri bapa za saa na rimoti, ambazo zikimezwa huunguza koo, vyote viwe mbali. Kila unapobadilisha kapu, kagua kilichopasuka.

Siku ngumu. Hapa kapu halina mpinzani. Umeme umekatika, mvua inanyesha, mtoto amechoka na homa ya jana: linatoka kapu.

Unamfaa nani. Mama mwenye kichanga kingine cha kunyonyesha (achunge tu vitu visimfikie mdogo). Mzazi anayefanyia kazi nyumbani au dukani kwake mtoto akiwa pembeni. Familia ya chumba kimoja. Nyumba inayobadilisha wasaidizi mara kwa mara.

Mpango wa tatu: mada ya wiki

Wiki inapewa jambo moja: maji, mvua, kuku, mwili wangu, sokoni. Shughuli zote zinalizunguka. Chukua wiki ya ndizi. Siku ya kwanza mnakwenda gengeni na mtoto anabeba mwenyewe. Ya pili anamenya, anaonja, analinganisha mbivu na mbichi. Ya tatu unakata kipande cha shina la mgomba, unakichovya kwenye rangi iliyotokana na majani yaliyopondwa au binzari, na mtoto anapiga chapa kwenye karatasi. Ya nne mnakwenda kuuona mgomba wenyewe na kupima jani lake kwa urefu wa mtoto. Ya tano mnapika, na mtoto anasimulia kwa maneno yake.

Maandalizi. Mpango huu unadai kuliko yote. Pesa si nyingi ukitumia vilivyopo, lakini lazima ufikiri mapema, ukusanye, umwelekeze msaidizi. Wazazi wengi huanza kwa bidii mwezi wa kwanza na kuishiwa pumzi.

Mazungumzo. Unaleta maneno ambayo siku ya kawaida haiyaleti: ganda, shina, chane, mkungu. Neno linarudiwa siku tano kwa sura tofauti, na kurudiwa ndiko mtoto anakohitaji. Vilevile unafaa nyumba yenye lugha mbili: ndizi hiyohiyo baba anaitaja kwa Kihaya, mama kwa Kiswahili, na mtoto anazipokea zote. Ila mtoto wa mwaka mmoja haoni mada. Kwake kila siku ni ndizi tofauti. Mada hiyo inakusaidia wewe zaidi kuliko yeye.

Mwendeshaji. Bila wewe unayumba. Dada anaweza kufanya shughuli moja uliyomwonyesha, lakini uzi wa wiki unabaki kichwani mwako.

Usalama na nafasi. Rangi, gundi, mkasi na safari za nje vinahitaji jicho. Na kuna jambo linaniuma nikiona picha za shughuli hizi: kuku mzuri wa karatasi, kila unyoya mahali pake, na ni dhahiri ameundwa na mtu mzima huku mtoto akitazama. Chapa iliyopinda aliyoipiga mtoto mwenyewe imemfundisha mkono wake zaidi.

Siku ngumu. Huu ndio huanguka kwanza. Ukianguka Jumatano, uache bila majuto na uuanze wiki nyingine.

Unamfaa nani. Mtoto aliyevuka miaka miwili na nusu. Nyumba yenye kaka au dada wa shule ya msingi watakaoshiriki. Mzazi anayependa kuandaa. Unawafaa sana pia Waswahili wanaolelea watoto London, Muscat au Minneapolis, ambako mtoto hasikii neno "mkungu" dirishani. Wiki moja ya kulitafuta inampa neno ambalo mtaa hautampa.

Mpango wa nne: ratiba ya saa

Karatasi ukutani: saa mbili uji, saa mbili na nusu nyimbo, saa tatu kuchora, na kuendelea. Naijua hofu iliyo nyuma yake: mzazi anataka siku isipotee. Nguvu yake ya kweli iko kwenye usingizi, mwendo na skrini. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 alale jumla ya saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na apate angalau dakika 180 za kutembea, kupanda, kucheza na kukimbia zilizotawanyika siku nzima. Wa mwaka mmoja asitazame skrini; wa miaka miwili isizidi saa moja, na pungufu ni bora. Ukiiandika siku kwenye karatasi ndipo unapoona kwamba mtoto wako amekaa kochini kuanzia chai mpaka chakula cha mchana.

Maandalizi. Karatasi na kalamu.

Mazungumzo. Inategemea umejaza nini. Ikijaa herufi na namba za kukariri, mtoto anarudia sauti tu. Ikijaa nyimbo za kupokezana, kujificha na kutafutana, na hadithi fupi, ataongea.

Mwendeshaji. Ratiba inapendwa na watu wanaopokezana mtoto: muuguzi wa zamu ya usiku, baba anayerudi saa tisa, shangazi wa jioni. Kila mmoja anajua mtoto amekula, amelala, ametoka nje.

Usalama na nafasi. Haina hatari yake yenyewe. Inabeba hatari ya shughuli uliyoiandika. Weka muda wa kutoka nje kabla ya jua la saa nne.

Siku ngumu. Ratiba ya dakika huvunjika, na ikivunjika mtu mzima hukasirika. Mtoto wa mwaka na nusu hukaa na jambo dakika chache na kuondoka, na huo ni umri wake. Bora uandike mfuatano badala ya saa: uji, nje, kapu, kuoga, kula, kulala. Mtoto anaujua mfuatano huo haraka, na akiujua kilio hupungua wakati wa kubadili jambo.

Unamfaa nani. Nyumba yenye walezi zaidi ya mmoja. Mtoto anayesumbuka kulala. Mtoto anayekaribia kuanza kwenye kituo cha kulelea watoto na anayehitaji kuzoea utaratibu.

Uchague vipi kwa hali yako

Ukishinda kazini na mtoto yuko na dada, anza na kapu pamoja na mfuatano mfupi ukutani, halafu jioni ingia na mtoto kwenye kazi moja tu, ile ya mezani au ya kuanua nguo, simu ikiwa mbali. Nusu saa hiyo yenye maneno ina maana kubwa kwake.

Ukiwa nyumbani mwenyewe na kipato ni kidogo, kazi za nyumbani zinakutosha. Mada ya wiki usijilazimishe. Ukiwa na mtoto wa mwaka mmoja na mwingine wa mitatu, mkubwa mpe mada na mdogo mpe kapu lenye kitu kimoja cha mada hiyo, mfano wiki ya maji mdogo apate vikombe.

Bibi akiwa ndiye mlezi, usimwekee ukutani karatasi ya saa. Muulize yeye humfanya nini mtoto mchana, kisha ongeza pale panapopungua, labda kutoka nje, labda vitu vya kushika. Na kama uani unagombaniwa na wapangaji wengine, kutembea mpaka gengeni kila siku kwa miguu ya mtoto mwenyewe, polepole, akisimama kwenye kila jiwe, kunampa mwendo na maneno kwa pamoja.

Ukishachagua, upe mpango wiki tatu au nne kabla ya kuubadilisha. Angalia mtoto: anaongeza maneno, anarudi mwenyewe kwenye shughuli, analala vizuri? Hayo yakienda, mpango unafanya kazi hata kama karatasi imechanika.

Mwisho kuna hali ambayo mipango yote minne haiitatui. Mtoto akifika mwaka na nusu bila neno hata moja, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, au hageuki akiitwa jina, au ameacha maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki wapime masikio na maendeleo yake. Usisubiri kwa kuambiwa kwamba baba yake naye alichelewa kusema. Endelea kumchezesha na kumsemesha, na uende kliniki wiki hiyohiyo.